Naomba ushauri: nianzie wapi kusoma Tintin ukubwani?

Ndugu zangu, mimi ni mkazi wa Dodoma mwenye umri wa miaka 41, na utotoni kwetu Kondoa katuni nilizozijua ni zile za magazeti yaliyofungiwa maandazi. Juzi, kwa muuza vitabu vya mtumba karibu na Soko la Majengo, nilinunua kitabu kimoja cha Tintin, yule mwandishi wa habari kijana aliyebuniwa na Mbelgiji Hergé mwaka 1929. Nilikipenda mno, ila macho yangu hukimbilia maneno, nikafika mwisho wa ukurasa bila kuona kwamba mbwa wake mweupe alikuwa akifanya vituko pembeni.

Kwa kuwa vitabu vyote ni 24, na cha mwisho hakikukamilika, je, nivifuate kwa miaka ya kutoka au nianzie vya katikati? Kinachonitatiza zaidi ni kile cha Kongo, kilichoanza kutoka mwaka 1930 chini ya ukoloni, ambacho kinawachora Waafrika kwa dharau. Mwanangu wa miaka tisa ameanza kuchungulia begani kwangu. Nikisome naye huku nikimweleza, au nisubiri akue?