"Hajui kuigiza": tunamlaumu mtu au seti? Mjadala kuhusu tamthilia za Star Wars

Mleta mada

Wadau, kuna maneno mawili yananikera kila tamthilia mpya ya Star Wars inapotoka: "hajui kuigiza." Yanatupwa ndani ya saa moja tangu sehemu ya kwanza iwekwe Disney+, na mara nyingi anayeyatupa hajamaliza hata kuitazama. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Hoja yangu ni kwamba mengi tunayoyaita uigizaji mbovu ni makosa ya mandhari, ila anayebebeshwa ni yule ambaye sura yake inaonekana. Mbunifu wa seti humwoni, mwandishi humwoni, fundi taa humwoni. Basi kipigo chote anakula mwigizaji.

Nianze na ule ukuta. The Mandalorian ilipoanza Novemba 2019, ILM, kampuni ya madoido ya filamu, walikuja na jukwaa lililozungushiwa skrini za LED, mita 6 hivi kwenda juu, kipenyo mita 23 hivi. Kompyuta inachora jangwa au sayari hapo hapo, na kamera ikisogea picha nayo inasogea, jicho linadanganyika kwamba kuna umbali. Ni kazi ya akili, sibishi. Deraya ya shujaa wake, Din Djarin, inang'aa kama sufuria mpya. Mbele ya kitambaa cha kijani ingekuwa kijani kila kona. Kwenye ukuta ule inaakisi machweo yenyewe.

Lakini zipigie hesabu hizo mita 23. Humo kuna seti, kuna kamera, kuna mafundi. Mwigizaji anabaki na hatua kumi, kumi na tano, halafu asimame aongee. Tazama Obi-Wan Kenobi (2022) ukiwa na hilo kichwani: mara ngapi watu wanaingia, wanasimama, wanaongea, wanatoka? Na mwanga wa skrini ni laini, hautoi lile jua la saa sita linalokata kivuli chini ya pua. Unapata jangwa lenye mwanga wa sebuleni. Mtu aigize joto hapo!

Sasa weka kando yake Andor, ya mwaka ule ule. Mji wa Ferrix ulijengwa nje, Uingereza, mitaa mizima ya kupitika. Kuna ukuta wenye glavu za wafanyakazi, zimetundikwa safu kwa safu. Anayeenda kazini anachukua zake, anayerudi anatundika. Hakuna anayekueleza chochote, lakini umeshajua kwamba hapa hakuna anayegusa glavu ya mwenzake. Mwigizaji ameinua mkono tu, kazi nusu imefanywa na Luke Hull, mbunifu wa mandhari, ambaye hakuna aliyewahi kumtukana wala kumsifu kwenye komenti.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umeandika vizuri lakini umejikanyaga mwenyewe. Tamthilia iliyoanzisha ukuta huo ndiyo iliyopendwa kuliko zote! Zaidi ya nusu ya msimu wa kwanza wa The Mandalorian ilipigwa mle ndani. Na shujaa wake hatumwoni uso. Mara nyingi aliyevaa ile deraya si Pedro Pascal, ni Brendan Wayne au Lateef Crowder, Pascal akiweka sauti. Mtoto wake ni mwanasesere anayechezeshwa na mafundi kadhaa, mmoja masikio, mwingine macho. Na bado watu wazima walifuta machozi pale anapovua kofia ya chuma ili mtoto amwone kabla hawajaachana.

Kwa hiyo ukuta hauui uigizaji. Kinachoua ni maandishi. Andor ina Tony Gilroy, aliyeibuni, na waandishi wenzake kama Beau Willimon, basi. Mpe Stellan Skarsgård yale maneno ya mhusika wake Luthen katika sehemu ya kumi, kwamba anateketeza maisha yake kwa ajili ya mapambazuko ambayo hatayaona, hata umsimamishe stoo ya mizigo atakutoa jasho. Amesimama tu, hasogei.

Na kitu kingine. Mtazamaji analipa ada kila mwezi. Ana haki ya kusema fulani kanichosha bila kutakiwa kwanza awe na shahada ya taa.

Mchangiaji wa tatu

Mnazunguka shina, semeni wazi. Moses Ingram alipotokea kama Reva kwenye Obi-Wan Kenobi, Mei 2022, hazikupita siku nyingi akaonyesha hadharani jumbe za kibaguzi alizokuwa akitumiwa. Ewan McGregor akalazimika kurekodi video kumtetea. Mleta mada, niambie, ni ukuta gani wa LED uliosababisha zile jumbe?

Kelly Marie Tran, mwigizaji wa filamu za Star Wars, alifuta picha zake zote Instagram mwaka 2018. Ahmed Best, aliyecheza Jar Jar Binks mwaka 1999, amesimulia mwenyewe kwamba kejeli zilimfikisha karibu na kujiua. Yeye hata sura yake haikuonekana, alikuwa kiumbe wa kompyuta! Akarudi 2023 kwenye The Mandalorian akiwa Kelleran Beq, mmoja wa mashujaa wa Jedi, panga mbili za mwanga mkononi, anamwokoa Grogu, yule mtoto mwanasesere, na watu wale wale wakashangilia. Miaka 24 mtu anasubiri apigiwe makofi.

"Hajui kuigiza" mara nyingine ni shuka tu. Ukilifunua unakuta jambo jingine kabisa.

Mchangiaji wa pili

Dada, kwa jumbe zile niko upande wako, hazina mjadala. Ila usitufunge mdomo wote kwa kosa la wale. Mimi nilichoka na Reva na nina sababu. Waandishi walificha kisa chake hadi sehemu ya tano kati ya sita, ndipo tunaambiwa kwamba alikuwa mmoja wa watoto wa Jedi walioshambuliwa hekaluni, na kwamba anamwinda Vader, aliyeongoza shambulio lile. Ina maana kwa sehemu nne dada wa watu anatakiwa awe na hasira bila sisi kujua ni hasira ya nini. Anafoka, anakunja uso, anaruka mapaa. Ukitazama tena ukiwa unajua, kuna vitu anavifanya vizuri sana kwa macho. Lakini nani anatazama mara mbili kitu kilichomchosha?

Umeona? Namtetea na bado nasema sikufurahia.

Mchangiaji wa nne

Mimi nashona maleba ya jukwaani, kwa hiyo mniwie radhi nikiongea kwa upande wa mkasi. Ahsoka, mhusika aliyeanzia kwenye katuni za Star Wars, alipotokea kwa mara ya kwanza akiwa mtu halisi, 2020, kelele zote zilikuwa kwamba mikia yake ya kichwani imekuwa mifupi kuliko kwenye katuni. Kwenye katuni mkia haupimwi kwa kilo. Kichwani kwa Rosario Dawson, anayemwigiza, unapimwa. Nimewahi kumvalisha mchezaji kofia ya sponji iliyoshuka hadi kifuani. Mazoezi ya kwanza aligeuza kichwa upesi, kofia ikabaki nyuma kidogo kisha ikamfuata, ikampiga shavuni. Tangu hapo akawa anageuka na mabega yote, kama anayeumwa shingo. Watazamaji walisema amejikaza. Amejikaza nini, analinda shavu!

Ndivyo ninavyowatazama hawa. Nikiona mtu haigeuzi shingo naangalia kwanza amevaa nini. Lars Mikkelsen akiwa Thrawn, adui kwenye tamthilia ya Ahsoka, amepakwa buluu na kuwekewa macho mekundu, uso umebaki na njia chache sana, kwa hiyo ameweka kila kitu kwenye sauti, polepole. Na alikuwa anaijua sauti hiyo, ndiye aliyeiigiza kwenye katuni.

Halafu tazama mtu ambaye kila mmoja alimkumbuka baada ya msimu ule wa Ahsoka: Ray Stevenson, aliyecheza Baylan Skoll. Hana mpira usoni, hana rangi. Ni mvi, ndevu, joho na lile umbo lake. Alifariki Mei 2023, tamthilia ikatoka Agosti, hakuwahi kuona tulivyompenda. Mshonaji ndani yangu inamuuma kidogo kusema hivi, lakini wakati mwingine kazi bora ya maleba ni kutoa.

Mchangiaji wa tano

Nimewasoma wote, nawaletea mfupa. The Acolyte, 2024. Hawa walijenga seti za kweli, wakaenda kupiga picha kisiwani Madeira, bahari ya kweli, miamba ya kweli. Kwa nadharia ya mleta mada ilitakiwa ing'are. Ikapondwa, na Agosti ya mwaka huo huo ikatangazwa kwamba hakuna msimu wa pili.

Na msiseme fedha. Inaripotiwa ilitumia dola milioni 230 hivi kwa sehemu 8. Andor inaripotiwa imekula zaidi ya milioni 600 kwa sehemu 24. Gawanya mwenyewe: zote zinaangukia kati ya milioni 25 na 30 kwa sehemu moja. Fedha ile ile, mawe ya kweli kote, moja inasifiwa nyingine inazomewa.

Lee Jung-jae, Mkorea aliyecheza mwalimu wa Jedi kwenye The Acolyte, alijifunza Kiingereza kwa ajili ya ile kazi. Nusu ya waliomponda walisema anaongea kama anasoma. Mimi niliona mtu anayechagua kila neno, na nikaona inamfaa mwalimu mwenye siri. Lakini nakubali, wengine hawakuona hivyo.

Mleta mada

Mchangiaji wa tano umenibana, na sitajifanya sijabanwa. Madeira imenitoa kwenye ukuta. Nilikuwa nimeshika neno lisilo lenyewe. Ngoja nilirekebishe.

Suala si kama seti ni ya mawe au ya skrini, ni kama seti imempa mwigizaji kazi ya kufanya. Chukua gereza la Narkina 5 kwenye Andor. Ni vyumba vyeupe tu, visafi, unaweza kusema havina kitu. Lakini sakafu inapitisha umeme. Wafungwa wako pekupeku, walinzi wana buti. Basi! Kuanzia hapo kila mwili umejua la kufanya. Diego Luna, mwigizaji mkuu, anapoingia siku ya kwanza anaweka mguu chini kama anayekanyaga maji asiyoyajua. Wanasimama mikono kichwani, macho yanaangalia vidole vya miguu. Andy Serkis, mtu tuliyezoea kumwona kupitia viumbe vya kompyuta, amepewa uso wake mwenyewe na kile chumba. Mwishoni wanafika ukingoni, chini ni bahari, yeye ndiye aliyewatoa wote, na anasema hajui kuogelea. Kalisema kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia hana chenji. Lile gereza lilikuwa baharini tangu mwanzo, tulikuwa tunaliona. Hapo mbunifu na mwandishi na mwigizaji wameshika kamba moja.

Sasa rudi kwa The Acolyte. Sehemu ya tano, msituni usiku, Manny Jacinto anafunuliwa kuwa ndiye aliyevaa ile kofia yenye meno. Wengi walioiponda tamthilia nzima walimsifu yeye. Waandishi ni wale wale. Lakini alikuwa na giza, miti, watu wanaomjia kila upande, na kofia ya kuvua. Alikuwa na kazi.

Na mfano wa kinyume: The Book of Boba Fett, wale vijana wa pikipiki zinazoelea za rangi za peremende, wanakimbiza mtu mjini kwa mwendo wa baiskeli. Sophie Thatcher alikuwa mmoja wao, akaonekana kama kapotea njia. Miezi ile ile alikuwa kwenye Yellowjackets, tamthilia nyingine isiyo ya Star Wars, na watu wanamwita moto wa kuotea mbali. Binti ni huyo huyo.

Kwa dada mchangiaji wa tatu: sina jibu la ukuta kwa zile jumbe. Uko sahihi.

Mchangiaji wa pili

Hapo tunakaribiana, mkuu, ingawa naona umehama nyumba usiku ukaacha taa inawaka. "Kazi ya kufanya" ndiyo maandishi hayo hayo niliyokuwa nasema mimi. Sakafu ya umeme iliandikwa kabla haijajengwa.

Mchangiaji wa nne

Na glavu je? Glavu zinaweza kuandikwa mstari mmoja. Kuzichakaza moja moja, kila jozi iwe na mkono wa mtu wake, hiyo haiandikwi. Kuna mtu alikaa na brashi ya waya siku nzima. Tusigombanie nani kazaa mtoto.

Mchangiaji wa tatu

Swali moja kwa mleta mada, maana umetetea kila mtu leo. Obi-Wan Kenobi, sehemu ya nne. Jedi anatoroka ngome ya adui katikati ya askari, amemficha Leia mdogo chini ya koti. Miguu ya mtoto inaonekana. Hapo tumlaumu nani, mandhari, maleba au mwandishi?

Mleta mada

Koti lile sina utetezi nalo. Nililitazama nimeziba uso kwa mto.