"Huyu dada anatusaidia projekta": hivi timu za kazini ni za nani?

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi.

Kuna bosi mmoja hapa halmashauri. Simtaji, mnamjua. Yule wa simu tatu mezani na funguo za gari juu yake. Alituundia kikosi kazi cha kuandika andiko la mradi wa soko. Barua za uteuzi zikatoka: mwenyekiti, katibu, mratibu, mratibu msaidizi, msaidizi wa mratibu msaidizi. Vyeo kama baraza la mawaziri! Mwandishi mmoja tu. Mimi.

Nimehesabu meza za wauza nyanya alfajiri jogoo hajawika. Nimechambua vitabu vya ushuru hadi macho yakavimba. Mhandisi nimemfukuzia michoro mpaka mkewe kaizoea sauti yangu. Wajumbe wenzangu niliwaona siku ya kusaini posho, na leo.

Leo wageni wa mkoani wamekuja. Bosi anatambulisha timu. Mratibu huyu, katibu huyu, "mhimili wa andiko letu" huyu, kijana ambaye juzi kaniuliza soko linajengwa kata gani. Akafika kwangu: "Na huyu dada anatusaidia projekta."

PROJEKTA, wakuu. Jedwali lililokuwa ukutani wakati anasema hivyo nimelitengeneza mimi!

Maamuzi ndiyo usiseme. Tulikubaliana vizimba vya mama lishe vikae upande wa stendi, wateja waliko. Muhtasari ukasainiwa. Leo kwenye slaidi viko nyuma, jirani na dampo. Nikanyoosha mkono, naambiwa "hilo lilishaamuliwa, hapa tunashirikishana tu." Liliamuliwa na nani? Muhtasari ninao kwenye begi!

Na huyu huyu alirudi semina Dodoma akatuhubiria nadharia ya Tuckman ya 1965: timu inaundwa, inavurugana, inazoeana, inachapa kazi. Anayechapa kazi leo kaitwa wa projekta. Hata jina langu hakulitaja!

Kijiko cha Upawa: Pole sana mkuu. Swali dogo tu, projekta iliwaka?

Mleta uzi: Wewe ndio wale wale.

Babu wa Jamvi: Tuckman aliongeza hatua ya tano mwaka 1977, timu kuvunjika. Ninyi mmeanzia hapo.

Karani Mstaafu: Muhtasari upeleke baraza la wafanyakazi, ndiyo kazi yake.

Kijiko cha Upawa: Baraza ambalo mwenyekiti wake ni mkuu wa taasisi? Haya, mpeleke akashtakiwe kwake mwenyewe.

Mpiga Debe: Serikalini mnadeka. Huku kampuni binafsi timu ni grupu la WhatsApp. Bosi anaandika "wadau, maoni yenu?" saa nne usiku. Hujamaliza kufuta tongotongo, katuma uamuzi.

Ticha wa Zamu: Afadhali wenye projekta. Sisi shuleni tunajenga kwa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa na kutafuta mafundi wenyewe bila mkandarasi. Kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wajanja wote wamekimbilia manunuzi, mimi nikatupiwa mapokezi. Lori linafika usiku wa manane, nahesabu mifuko ya saruji kwa tochi ya simu, huku naumwa na mbu. Ikipungua, nani anaitwa ofisini? Ticha!

Msukuma Mkokoteni: Ticha umenigusa. Mwaka juzi nilisaini nondo ambazo sikuwahi kuziona.

Kijiko cha Upawa: Mleta uzi, kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, jaza: "nimewasha projekta, nimezima projekta." Asilimia mia.

Mleta uzi: Andiko ni LANGU. Nimeliandika neno kwa neno, halafu "huyu dada anatusaidia projekta" mbele ya wageni, ninyi mnaleta saruji?

Ticha wa Zamu: Dada, saruji si jambo dogo. Mifuko imepungua na fundi anasema aliletewa pungufu.

Fundi Niko Saiti: Ticha, hebu soma kwenye mfuko wa saruji, daraja la nguvu ni 32.5 au 42.5?

Ticha wa Zamu: 32.5 yote.

Fundi Niko Saiti: Ya nguzo?? Usisaini! Hiyo ni ya plasta na kujengea tofali.

Msukuma Mkokoteni: Nakazia. Nguzo na lenta 42.5, Ticha. Piga picha lebo sasa hivi, kabla mlinzi hajafungua stoo.