Akiba zetu zinaliwa na noti za serikali, tukikimbilia kwingine tunaitwa walanguzi

Wakuu, hili nimelibeba rohoni muda mrefu, leo nalitoa lote. Mod, naomba uzi huu usiunganishwe na zile za bei ya Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali. Mimi siuzi sarafu yoyote na sina kundi la Telegram. Nalalamikia pesa yenyewe, hizi noti tunazolazimika kutumia.

Benki kuu nyingi kubwa duniani zimejiwekea lengo la mfumuko wa bei wa asilimia 2 kwa mwaka. Ukisikia asilimia 2 unaona si kitu. Sasa piga hesabu. Kwa mwendo huo bei zinakuwa mara mbili ndani ya miaka 35. Kijana anayeanza kazi leo akiweka noti zake hadi anastaafu, nusu ya jasho lake imeshaondoka, na hapo kila kitu kimekwenda kama walivyopanga. Hakuna vita, hakuna uzembe. Mfumuko ukifika asilimia 7, nusu hiyo inaondoka kwa miaka 10 hivi. Bunge gani lilipiga kura kuikata? Risiti yake iko wapi?

Msiniambie niweke benki nipate riba. Riba ya akaunti ya kawaida ya akiba mara nyingi haifikii hata mfumuko wa bei, na katika nchi nyingi riba hiyo hiyo inakatwa kodi. Yaani mtu amepata hasara halafu anatozwa kodi ya faida! Nilimuuliza ofisa wa benki yangu swali hilo, akanigeuzia kioo cha kompyuta na kunionyesha kwamba salio limeongezeka. Tarakimu zimeongezeka, ndiyo. Vitu ninavyoweza kununua nazo vimepungua. Hakuona tatizo, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Kila tukilisema hili tunaambiwa noti huharibika kwenye nchi zilizoshindwa tu. Wanatutajia Zimbabwe, ambako mwaka 2015 akaunti yenye hadi dola trilioni 175,000 za nchi hiyo ilifungwa kwa malipo ya dola 5 za Marekani. Haya, tuiache Zimbabwe, twende Marekani kwenyewe. Aprili 1933 Rais Roosevelt aliwaamuru wananchi wasalimishe dhahabu yao kwa dola 20.67 kwa wakia. Januari 1934, dhahabu ikiwa imeshaingia ghalani, serikali hiyo hiyo ikapandisha bei hadi dola 35. Aliyetii amri alipoteza, na aliyetoa amri ndiye aliyepata. Mwaka 1944, kwenye mkutano wa fedha wa Bretton Woods, Marekani, mataifa mengine yakaahidiwa kwamba benki kuu zao zitaweza kubadilisha dola kwa dhahabu kwa bei hiyo ya 35. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani akasimama kwenye televisheni na kufunga dirisha hilo. Alisema ni kwa muda. Halikufunguliwa tena, na tangu siku hiyo noti zote tunazoshika zinasimama kwa amri ya serikali peke yake.

Halafu waangalieni wenye noti wanaweka akiba yao wapi. Mwaka 2022, 2023 na 2024, benki kuu za dunia kwa pamoja zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka. Sisi tunahubiriwa tuiamini karatasi, wao wanajaza dhahabu. Hili linanichoma.

Najua hoja ya upande wa pili na siibezi. Wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, nchi zilizoacha mapema kuifunga pesa yao kwa dhahabu, kama Uingereza mwaka 1931, zilianza kuinuka kabla ya zile zilizoing'ang'ania kama Ufaransa hadi 1936. Pesa isiyoweza kuongezeka nayo inaua ajira. Sawa. Lakini hoja hiyo inahusu dharura. Haimpi mtu ruhusa ya kunikata mimi kila mwaka, dharura iwepo isiwepo.

Na ninyi wachuuzi wa sarafu za kidijitali msishangilie, zamu yenu imefika. Ni kweli Bitcoin haitazidi sarafu milioni 21 na hakuna gavana wa kuichapisha usiku. Ndiyo maana watu wanaikimbilia, na nawaelewa. Lakini Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000, na Novemba 2022 ikashuka chini ya 16,000. Mwenye ada ya mtoto au kodi ya nyumba mwezi ujao ataihifadhije kwenye kitu cha namna hiyo? Mnaita pesa kitu mnachokiuza kama bahati nasibu. Soko la sarafu hizo la Mt. Gox lilianguka 2014 na sarafu za watu, soko jingine la FTX likafuata 2022, na kati yao TerraUSD, iliyouzwa kwa jina la sarafu imara, yaani inayoahidi kubaki na thamani ya dola moja, iliyeyuka ndani ya siku chache Mei 2022. Hizo sarafu imara zilizobaki, nyingi zimeegemea dola na hati za deni la serikali ya Marekani. Kwa hiyo mtu amekimbia karatasi, amezunguka mtaa mzima, amerudi kwenye karatasi ile ile akiwa na dalali mpya juu.

Wala msidhani kwamba serikali ikiondoka wizi unaisha. Kauri, yale makombe madogo ya baharini, zilikuwa pesa Afrika Magharibi kwa karne nyingi bila mchapishaji. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ulaya walizisomba kauri kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakazimwaga kule kwa shehena za meli, na walioweka mali yao kwa kauri wakafilisika. Mwenye uwezo wa kuongeza wingi wa pesa ndiye anayekula akiba ya mwenzake, awe gavana au mwenye meli.

Mfano ninaoupenda ni wa Wörgl, mji mdogo wa Austria. Mwaka 1932, ukosefu wa kazi ukiwa umewabana, meya wao Michael Unterguggenberger alitoa noti za mji, zikiwa na amana ya shilingi za Austria benki. Noti hizo zilipoteza asilimia 1 ya thamani kila mwezi, na ili iendelee kukubalika mwenye noti alinunua stempu na kuibandika. Asilimia 12 kwa mwaka, mara sita ya lengo la hawa wakubwa! Lakini kila mtu alijua kabla hajaipokea, makato yake yalionekana kwa macho, na aliyetaka shilingi za kawaida alizipata kwa makato madogo. Zilizunguka kwa kasi, kodi za mji zikalipwa, barabara zikatengenezwa, miji mingine ikataka kuiga. Benki kuu ya Austria ikazipiga marufuku, na mwaka 1933 zikakoma. Hazikumwibia mtu. Kosa la noti hizo lilikuwa kwamba watu walizichagua.

Kwa hiyo hasira yangu haiko kwenye thamani kushuka peke yake. Iko kwenye kushushiwa kimya kimya huku mlango wa kutokea umefungwa. Tangu 2014 mamlaka ya kodi ya Marekani inaihesabu sarafu ya kidijitali kama mali, hivyo ukilipia hata kitu kidogo unatakiwa kukokotoa faida na kuitolea kodi. Nani ataitumia kununulia vitu kwa namna hiyo? El Salvador nao mwaka 2021 wakafanya kinyume, wakawalazimisha wafanyabiashara kuipokea Bitcoin, hadi Januari 2025 sheria ilipobadilishwa ikawa hiari. Lazima huku, lazima kule.

Dawa ya kuanzia ipo na si ngeni. Uingereza ilianza kutoa hati fungani zinazopanda pamoja na mfumuko wa bei mwaka 1981, Marekani 1997. Kila serikali inayochapisha noti iuze hati hizo kwa kiasi ambacho mtu wa kipato cha chini anakimudu, bila dalali. Na kodi iguse ile riba inayozidi mfumuko tu, kwa sababu iliyo chini yake si faida. Anayeitetea hali ya sasa aje hapa aniambie: kama hamchukui chochote kwetu, kuturudishia kunawagharimu nini?