Tupeane uzoefu: kambale alivyowahi kukutoa jasho

Mvuvi Mstaafu: Wakuu, leo sokoni nimekuta kambale kwenye sinia la mama mmoja, katolewa majini tangu usiku, kafunikwa gunia bichi, na bado anachezesha masharubu. Kovu langu la kiganjani likawasha lenyewe. Nani mwingine? Tiririkeni.

Mtoto wa Kilombero: Kwetu masika mto ukifurika wanapanda kwenye majaruba ya mpunga kutaga, usiku unawasikia tu chwa chwa kwenye maji ya goti. Nikiwa la sita nilimdaka mmoja kama ninavyodaka perege. Mwiba ukazama kati ya gumba na kidole, wiki nzima sikushika kalamu.

Shemeji Yenu: Mwiba wa mgongoni huo, hatari sana

Mtoto wa Kilombero: Mgongoni wapi, ni wa mapezi ya kifuani. Wewe unaongelea ngogogo. Kambale mgongoni ana pezi laini refu hadi karibu na mkia.

Shemeji Yenu: Haya profesa

Baba Wawili: Mniache nimwage yangu. Niliweka bwawa la turubai nyuma ya nyumba, vifaranga 600, nikaambiwa kambale hafi ovyo. Kweli hafi, ila analiwa na nduguye! Sikujua kwamba inabidi uwachambue kwa saizi, wachache wakawahi kukua wakawa wanawameza wenzao, kila nikihesabu wamepungua, mimi nikaamini jirani anaiba, nikamnunia miezi miwili, salamu hakuna. Siku moja mvua kubwa, saa nane usiku mbwa anabweka, natoka na tochi, bwawa limejaa hadi ukingoni na ua mzima unatembea jamani. Wanajivuta kwa yale mapezi, mkia unasukuma, wanapita chini ya michongoma kwenda kwa jirani yule yule. Wife anakemea mapepo dirishani. Mimi nateleza na karai, nikimshika huyu ute unamtoa mkononi. Naangaza ng'ambo, jirani kasimama na ndoo mbili, bukta tu.

Bi Nazi: 😂😂 kukemea mapepo

Kachero: Chai hii. Samaki atembee bila maji?

Mvuvi Mstaafu: Sio chai. Juu ya matamvua ana kiungo kama kichaka kidogo, anavuta nacho hewa. Akiwa na unyevu anahama bwawa usiku, hata ziwani humwona anapanda juu kugugumia.

Kachero: Kwahiyo ukimzika kwenye tope kavu anaishi mwaka?

Mtoto wa Kilombero: Huyo kamongo, ndo kambale mamba, ukoo mwingine kabisa. Kila uzi lazima mtu awachanganye!

Sabato Safi: Hana magamba, hanihusu. Napita tu.

Bi Nazi: Pita salama, sisi tunaunga na nazi. Ute toa kwa majivu.

Mama Tilapia: Majivu yanaacha ladha, tumia chumvi na ndimu. Na bwawa funika wavu.

Shemeji Yenu: Au fuga kuku

Kachero: Baba Wawili rudi, jirani ikawaje?

Baba Wawili: Asubuhi kaleta ndoo zote mbili, "hesabu mwenyewe." Niliona aibu hadi nikamwachia watano wakubwa. Mchana kaniita tule.

Bi Nazi: Na zile salamu?

Baba Wawili: Tunasalimiana. Ila ndoo moja sijamrudishia.