Mrejesho: nimeamua kuhusu anastrozole

Ndugu zangu, asanteni sana mlionijibu nilipouliza kama niache anastrozole, dawa ya kuzuia homoni ninayomeza kwa ajili ya saratani ya titi, maana viungo viliuma hadi kufungua kifuniko cha chupa asubuhi ilikuwa kazi. Nimerudi kwa daktari wa saratani, nikamweleza yote.

Uvimbe wangu wa titi ulikuwa unalishwa na estrojeni, homoni ya kike, na dawa za kuzuia homoni zikimezwa miaka 5 hupunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi, hata miaka mingi baada ya kumaliza dozi. Mimi tezi za kwapani zilikutwa na saratani, kwa hiyo faida yangu ni kubwa. Mwenye uvimbe mdogo sana hesabu yake inaweza kuwa nyingine, tafadhali msifuate uamuzi wangu bila kumuuliza daktari.

Tulikubaliana nipumzike dawa wiki chache, kisha nihamie tamoxifen, dawa nyingine ya kuzuia homoni. Hii haidhoofishi mifupa kwa sisi tuliokoma hedhi, ila huongeza hatari ya damu kuganda na saratani ya mji wa mimba. Nikivimba mguu mmoja au nikitokwa damu ukeni, hospitali siku hiyohiyo.

Joto la ghafla usiku lipo, shuka linalowa kabisa, lakini vidole sasa vinakunjika. Dada uliyenishauri kutembea kila jioni, Mungu akubariki, imenisaidia mno.