Fomu ya kutafuta inachukua karibu nusu dakika, jedwali limefika rekodi milioni tisa. Nianzie wapi?

kaunta_riverroad:
Wadau salama? Naomba msaada kwa wale wameshika databesi kubwa kubwa. Niko na mfumo wa kampuni ya vifurushi, ofisi kuu iko River Road na matawi mengi nje ya Nairobi, aliyeuandika aliondoka zamani sasa mimi ndio nimeachiwa. Databesi yenyewe ni PostgreSQL, jedwali la vifurushi limefika rekodi kama milioni tisa na fomu ya kutafuta imekuwa mateso kwa kila mtu. Mteja anakuja Ijumaa jioni amepoteza risiti, ana simu tu, karani anaandika tarakimu nne za mwisho vile wamezoea, anabonyeza Tafuta, halafu wote wawili wanaangalia kiduara kikizunguka na foleni imefika mlangoni na wa mkokoteni naye anaitisha njia apitishe mizigo.

Kweri yenyewe, yaani swali ambalo fomu inaiuliza databesi, ni hii:

```
SELECT * FROM vifurushi
WHERE simu_mpokeaji LIKE '%4821%'
   OR jina_mpokeaji ILIKE '%4821%'
   OR namba_risiti LIKE '%4821%'
ORDER BY imeingia DESC
LIMIT 50 OFFSET 0;
```

Baada ya hiyo kuna COUNT(*), ya kuhesabu rekodi zote zilizopatikana, yenye masharti hayo hayo ili chini ya ukurasa iandike "ukurasa 1 kati ya" ngapi sijui. Ukienda kurasa za mbali ndio inazidi kuwa mbaya. Bosi anataka tununue seva kubwa zaidi na mimi roho yangu inakataa, naona hiyo pesa itaenda na shida itabaki. Nianzie wapi?

dada_wa_indeksi:
Roho yako iko sawa, usinunue seva bado. Hiyo LIKE yenye alama ya asilimia mbele haiwezi kutumia indeksi ya kawaida (ile orodha ya pembeni ya kutafutia haraka) hata ungeweka kumi, juu indeksi ya kawaida imepangwa kuanzia herufi ya kwanza na wewe unauliza kitu kiko katikati au mwisho. Kwa hivyo databesi inapita rekodi zote milioni tisa moja baada ya nyingine. Halafu COUNT inapita tena zote. Weka EXPLAIN ANALYZE mbele ya hiyo kweri, databesi ikuonyeshe imetafuta aje, utaona imeandikwa Seq Scan, yaani imesoma jedwali lote, na chini yake mstari wa Rows Removed by Filter wenye namba kubwa ya kutisha. Hiyo namba ndio kazi ya bure inayofanyika kila karani akibonyeza.

Sasa mimi ningeanza na swali la kaunta kabla ya databesi. Karani anatafuta nini? Anatafuta kifurushi kimoja, cha mtu amesimama hapo mbele yake, na ambacho BADO HAKIJACHUKULIWA. Kwa milioni tisa zako ngapi hazijachukuliwa saa hii? Nadhani ni elfu kadhaa tu, zingine zote ni historia. Basi mtengenezee indeksi ya hizo peke yake, na kwa sababu wamezoea tarakimu za mwisho, igeuze namba kinyumenyume ili mwisho uwe mwanzo:

```
CREATE INDEX vifurushi_simu_nyuma
ON vifurushi (reverse(simu_mpokeaji) text_pattern_ops)
WHERE imechukuliwa IS NULL;
```

Kisha kweri inakuwa:

```
WHERE imechukuliwa IS NULL
  AND reverse(simu_mpokeaji) LIKE '1284%'
```

4821 ikigeuzwa ni 1284, asilimia imehamia nyuma, indeksi inafanya kazi. Hilo sharti la IS NULL, yaani safu ya imechukuliwa bado iko tupu, lazima liwe ndani ya kweri, ukilisahau hiyo indeksi haitaguswa kabisa. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, kwa hivyo ukiwa na vifurushi elfu ishirini vinasubiri, karani atapata kama viwili vitatu kwa wastani na anauliza tu "ni wewe wa Kitale ama wa Busia?" Hapo hata kurasa huhitaji. Watu wengi wanahangaika na kugawa kurasa na ukiangalia vizuri shida yao ni utafutaji dhaifu, mtu anayefika ukurasa wa 7 kwa kaunta ni mtu ambaye fomu imemwangusha.

Ukitaka historia pia, weka kisanduku cha "pamoja na vilivyochukuliwa" na umlazimishe achague tarehe, kwa kuanzia mwezi mmoja nyuma.

Na hiyo OR ya safu tatu itoe. Fomu itambue yenyewe mtu ameandika nini: tarakimu tupu ni simu, herufi tupu ni jina, mchanganyiko ni risiti. Kila moja iende kwa kweri yake na indeksi yake.

fundi_ngara:
Dada amemaliza upande wa kutafuta, wacha niongeze hapo kwa kurasa, kwa wale bado wanazihitaji.

OFFSET 100000 haimaanishi databesi inaruka hadi hapo. Inazitoa zile rekodi laki moja zote, inazitupa, ndio ikupe hamsini zako. Kwa hivyo kila ukurasa mbele ni ghali kuliko uliopita. Badala ya namba ya ukurasa, kumbuka rekodi ya mwisho uliyoonyesha na uendelee kutoka hapo:

```
SELECT id, namba_risiti, jina_mpokeaji, tawi, imeingia
FROM vifurushi
WHERE (imeingia, id) < ('2025-03-14 16:20:05', 8123377)
ORDER BY imeingia DESC, id DESC
LIMIT 51;
```

Na indeksi iwe ya (imeingia, id). Hiyo id si pambo, vifurushi viwili vikiingia sekunde moja bila id utaruka kimoja na hutajua. Ukurasa wa mbali kabisa utachukua muda ule ule wa ukurasa wa kwanza. LIMIT ni 51 na unaonyesha 50, ile ya 51 ikipatikana weka kitufe cha Inayofuata, isipopatikana usiweke, na COUNT umeshaiua.

Kuna faida nyingine watu hawaisemi sana. Kwa OFFSET, karani akiwa ukurasa wa kwanza na kifurushi kipya kiingie kabla hajabonyeza Inayofuata, rekodi zote zinasukumwa chini moja, kwa hivyo ile ya mwisho ya ukurasa wa kwanza anaiona tena juu ya ukurasa wa pili. Na kikifutwa kimoja, kuna kingine hatakiona kabisa. Kwa ofisi ya mizigo hiyo ya pili ni mbaya sana, mtu anaambiwa mzigo wake haupo na uko kwa rafu nyuma ya karani.

Acha SELECT * pia. Kama kuna safu ya picha au maelezo marefu unaibeba kila mara bure.

otis_umoja:
Mimi hapo kwa kuondoa namba za kurasa na jumla sikubaliani. Nimefanya kazi na wahasibu miaka mingi, wao wanataka kujua ni rekodi ngapi na wanataka kwenda ukurasa wa 300 moja kwa moja. Ukiwapa Inayofuata peke yake watarudi kwa bosi kulalamika, na wako na haki, hiyo ni kazi yao.

dada_wa_indeksi:
Otis mhasibu wako anaenda ukurasa wa 300 kutafuta nini? Muulize. Mara nyingi anatafuta tarehe fulani, sema mwanzo wa Februari, na anabahatisha ukurasa mpaka aifikie. Mpe kisanduku cha tarehe aruke hapo moja kwa moja, ni ile ile kweri ya fundi, unaanzia tu na tarehe aliyochagua. Nikishawapa hicho sijawahi kuulizwa tena namba za kurasa.

Jumla ndio nakubali wanaihitaji, lakini kuna jumla aina mbili. Kwa skrini, hesabu mpaka kikomo:

```
SELECT count(*) FROM
  (SELECT 1 FROM vifurushi WHERE ... LIMIT 1001) t;
```

Ikifika 1001 andika "zaidi ya 1,000", hakuna anayesoma zaidi ya hapo kwa macho. Kwa jedwali zima bila kichujio, soma reltuples kwa pg_class, hapo PostgreSQL huweka idadi ya rekodi za kila jedwali, ni makadirio lakini inakuja papo hapo. Ile jumla kamili ya shilingi na senti iende kwa ripoti, ipangwe usiku, isikae kwa fomu ambayo karani anaitumia mchana kutwa. Mhasibu na karani wasigombanie kweri moja.

njeri_mbele:
Naandika fomu upande wa kivinjari, niongeze machache.

Kama inatafuta mtu akiendelea kuandika, subiri kama milisekunde 300 baada ya herufi ya mwisho ndio utume, na ukituma mpya futa ile ya zamani. Bila hivyo jibu la "48" linaweza kuchelewa lifike baada ya jibu la "4821" na karani anaona orodha ya uongo. Kwa kaunta mimi huacha tu wabonyeze Enter, wanaandika haraka kuliko hiyo mambo.

Namba za simu zisafishwe kabla ya kuingia kwa databesi. Mmoja ataandika 0722, mwingine +254722, mwingine 254 722 na nafasi katikati. Toa kila kisicho tarakimu, chukua tisa za mwisho, weka 254 mbele, hiyo inashika za 07 na za 01 pia. Kwa anachoandika karani pia toa kila kisicho tarakimu, lakini 254 iweke tu akiandika namba nzima, zile nne za mwisho ziache zilivyo.

Na kitu cha maana: usitume simu ya mteja kwa GET, ile njia inayoweka ulichoandika ndani ya anwani ya ukurasa. Ndio, GET ni nzuri kwa kurasa juu mtu akirudi nyuma anakuta alipokuwa, lakini anwani hubaki kwa historia ya kivinjari na kwa logi za seva. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, namba ya simu ni data ya mtu. Tafuta kwa POST, ambayo haiweki ulichoandika kwa anwani, tarehe na tawi ndio ziende kwa anwani.

kaunta_riverroad:
Asanteni sana, dada, fundi, Njeri, na Otis pia. Nimejaribu kwa nakala ya majaribio. Seq Scan imeisha, sasa inaandika Index Scan kwa vifurushi_simu_nyuma na jibu linarudi kabla sijaondoa kidole kwa Enter. Kweli zilizosubiri kuchukuliwa ni kidogo sana ukilinganisha na historia.

Maswali mawili. Majina nifanye aje, juu Mohamed anaandikwa Mohammed, Muhamed, kila tawi na yake? Na nitawekaje indeksi kwa mfumo wenyewe bila kusimamisha matawi?

fundi_ngara:
Majina: washa pg_trgm, ni programu jalizi ya PostgreSQL, inakata jina vipande vya herufi tatu tatu, kisha weka indeksi ya aina ya GIN yenye gin_trgm_ops kwa jina_mpokeaji. Hiyo inakubali ILIKE yenye asilimia pande zote mbili, na ukitumia alama ya % ya hiyo programu jalizi inaleta na majina yanayofanana. Lazimisha herufi tatu kwenda juu, chini ya hapo haina kipande cha kushika. Na bado weka tawi au tarehe, "Wanjiku" peke yake Kenya hii itakuletea wengi.

Indeksi: tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, matawi yataendelea kuingiza mizigo kama kawaida, itachukua muda zaidi tu. Haikubali kuwa ndani ya muamala, kwa hivyo kama zana yako ya migresheni (ile ya kubadilisha muundo wa databesi) inafunga kila kitu kwa BEGIN, yaani inaanzisha muamala, zima hiyo kwa faili hilo. Ikikatika katikati inaacha indeksi imeandikwa INVALID, haikusaidii kutafuta na inaweza kuendelea kulipiwa kila unapoandika, kwa hivyo angalia kwa \d vifurushi, uifute, urudie. Ikimaliza endesha ANALYZE vifurushi mara moja, juu ile ya reverse() haina takwimu zake mpaka ANALYZE ipite na kabla ya hapo databesi inaweza kuchagua njia mbaya.