Tupeane uzoefu: usukani wa baiskeli uliokutesa mikono safari ndefu

Mgongo Chuma: Wakuu, jana nilitoka Dar kwenda Moro kwa baiskeli, nikaishia Chalinze. Miguu bado mizima, mikono ndiyo ilinisaliti. Kidole cha mwisho na cha pete, ganzi tupu. Naagiza chips mayai, kulipa kwa simu nikakosea namba ya siri mara tatu, kidole kinabonyeza pembeni. Akaunti ikajifunga. Muuza chips ananitazama kama simu nimeiokota. Usukani wangu ni ule mnyoofu, uko chini ya siti kama vidole vinne. Mliopatwa na hili mlifanyaje?

Bi Mlandizi: Vidole hivyo hivyo viwili! Mimi nilishindwa kufunga vifungo vya shati.

Fundi wa Kona: Inua usukani ulingane na siti au uzidi kidogo. Kwisha habari.

Pedeli Moja: Siyo usukani, fundi. Pua ya siti imeinama, jamaa anateleza kuja mbele, uzito wote anaubeba kwa viganja. Nilihangaika mwaka mzima kubadilisha vishikio, kumbe siti. Weka pima maji juu yake uone.

Fundi wa Kona: Miaka 20 natengeneza baiskeli, leo nafundishwa na mtu wa pima maji.

Pedeli Moja: Miaka 20 na wateja bado wanakufa ganzi.

Bi Mlandizi: Gombaneni, mwenzenu vidole havijarudi.

Mteremko: Hilo la "inua usukani" limenirudisha mlima Kitonga. Nilikuwa na Phoenix, zile ambazo shingo ya usukani inazama ndani ya bomba. Nikalegeza boliti, nikaigonga kwa nyundo kabari ikaachia, nikavuta juu mpaka nakaa wima kama bwana harusi. Kwenye ile shingo kulikuwa na mistari midogo imechongwa, nikadhani urembo. Nikatoka Ilula, begi nyuma. Nateremka, lori linapanda. Kwenye kona nikabana breki, mwili wote ukaja mbele, nikasikia "kwaa!" Shingo imechomoka. Usukani nimeushika kama sinia la pilau, unazuiwa na vyuma vya breki tu, tairi la mbele linaenda linakotaka. Nikajitupa mtaroni. Dereva wa lori akashuka mbio, swali lake la kwanza: "Usukani uko wapi?" Nilikuwa nao mkononi.

Kisiki: "Nikadhani urembo" 😂😂 nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Juma Spoku: Chai hii. Shingo haichomoki kirahisi hivyo.

Mteremko: Njoo uone kovu la goti, tena ulete sukari ya chai yako.

Fundi wa Kona: Inachomoka. Mistari ile ndiyo mwisho wa kuvuta, lazima ibaki ndani ya bomba. Ukiiona ujue umezidisha.

Bi Mlandizi: Mimi nilifunga pembe mbili fupi kwenye ncha za usukani. Kila baada ya dakika kumi nabadili nilipokamata. Zilinisaidia kuliko glavu.

Kisiki: Vaa glavu za sponji nene.

Pedeli Moja: Sponji nene kupita kiasi nayo inabana mshipa wa fahamu. Legeza viwiko, usikunje kifundo cha mkono, na tairi la mbele usilijaze upepo likawa jiwe.

Kisiki: Basi zungushia tyubu kuukuu. Au panda basi.

Juma Spoku: Ganzi ikikaa siku kadhaa nenda hospitali, usisubiri fundi.

Mgongo Chuma: Nimeazima pima maji kwa jirani anayejenga. Pua ya siti imeinama kabisa, povu limekimbilia nyuma. Fundi, usininunie.

Fundi wa Kona: Nilisema uinue usukani, sikusema siti uiache.

Bi Mlandizi: Mteremko, yule dereva alikupa lifti?

Mteremko: Mpaka Ilula. Baiskeli juu ya mzigo, usukani nimeupakata.